Kijenzi cha Kupachikwa: Utajuaje Kazi Safi?

Programu ya mezani ikihitaji ramani, video au kivinjari ndani ya dirisha lake, msanidi mara nyingi haandiki kitu hicho upya. Huazima kijenzi cha maktaba nyingine, au cha mfumo wenyewe, akakipachika. Siku ya maonyesho karibu kila kazi ya aina hii hupendeza: ramani imekaa mahali pake, mteja anatabasamu. Mimi huweka kipanya pembeni kwanza na kuanza na kibodi.

Bonyeza Tab. Zamu ya kibodi iingie kwenye kijenzi, ipite vitufe vyake kimoja kimoja, kisha itoke iendelee na vitufe vya programu mwenyeji. Halafu rudi kinyumenyume kwa Shift na Tab. Hapo ndipo wengi huumbuka: unaingizwa kwenye kitufe cha kwanza badala ya cha mwisho, au unaingia na hutoki mpaka ushike kipanya. Walioandika itifaki ya kupachika ya XEmbed kwa ajili ya X11, mfumo wa madirisha wa Linux na Unix, waliliona hilo mapema. Ujumbe wa kumkabidhi kibodi mgeni, yaani kijenzi kilichopachikwa, humwambia pia aanzie wapi, mwanzo au mwisho, na mgeni naye ana ujumbe wa kurudisha zamu kwa mwenyeji. Katika WPF, maktaba ya Microsoft ya kujengea programu za Windows, darasa la HwndHost limeacha nafasi ya kazi hiyo, TabIntoCore, lakini msanidi asipoijaza mwenyewe, jibu lake ni hapana tu.

Watengenezaji wa muziki wanaujua ugonjwa huu wa kibodi kwa sura nyingine. Unaandika jina la sauti mpya ndani ya programu-jalizi, unabonyeza kitufe cha nafasi kati ya maneno mawili, na wimbo mzima unaanza kupiga. Mwenyeji amenyakua herufi isiyokuwa yake.

Baada ya kibodi, tazama nani yuko juu ya nani. Fungua menyu inayoshukia juu ya kijenzi. Java ilihangaika na jambo hili miaka mingi: vijenzi vya AWT, maktaba yake ya kwanza ya madirisha, vilitegemea madirisha halisi ya mfumo, Swing iliyofuata ikajichorea vyake yenyewe, na menyu ya Swing ikawa inazama chini ya turubai ya AWT. Dawa iliyozoeleka ilikuwa kuilazimisha menyu nayo iwe dirisha halisi. Kuchanganya aina hizo mbili kulikuja kufanya kazi vizuri katika toleo la 6, sasisho la 12. Kwa WPF kanuni ni kali zaidi: kila nukta ya dirisha ina mmiliki mmoja, kwa hiyo ukiweka kivuli au maandishi juu ya kijenzi cha Win32, yaani dirisha halisi la Windows, hayaonekani. Maktaba ya Qt haifichi udhaifu wake. Maelezo ya createWindowContainer yanasema wazi kwamba dirisha lililopachikwa hukaa juu ya vingine kama sanduku lisilopitisha mwanga, na kwamba kurundika madirisha mengi ya aina hiyo huipunguzia programu kasi. Msanidi anayekuahidi vivuli vinavyoelea juu ya video, muulize anapitia njia gani.

Mengine ni ya haraka. Sogeza ukurasa uone kama kijenzi kinavuka mpaka wa eneo lake. Vuta kona ya dirisha. Kikichelewa kidogo vumilia, kikiacha weusi nyuma yake usivumilie. Hamisha dirisha kutoka skrini ya ukuzaji wa asilimia 100 kwenda ya 150 uone kama maandishi ya mgeni yanabaki madogo au yenye ukungu. Washa programu ya kusomea skrini: je, inavitaja vitufe vilivyo ndani, au inapita kimya? Kisha funga na kufungua kijenzi mara nyingi huku ukiangalia kumbukumbu. Ikipanda bila kushuka, kuna dirisha lisilofungwa.

Kwenye Linux, uliza swali moja la ziada kabla ya kulipa. GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, iliondoa GtkSocket na GtkPlug, vijenzi vyake vya kupachikia kwa XEmbed, na Wayland, mfumo unaochukua nafasi ya X11, haina njia ya jumla ya programu moja kupachika dirisha la nyingine. Kazi inayosimama juu ya XEmbed inahitaji X11, au XWayland (X11 inayoendeshwa ndani ya Wayland) kwa pande zote mbili. Kama mkataba hautaji hilo, usitie saini.