Upande wa Pili

Shemeji yangu, mume wa dada, amenunua mashine ya kupigia muziki wa dijitali kwa fedha ambazo zingemnunulia pikipiki mpya. Alinialika niisikie. Alikuwa na hoja pia: sanduku la santuri aliloniachia marehemu kaka yangu linakula nafasi bure, ati muziki wote wa zamani sasa umo mfukoni mwake.

Nilichagua wimbo mmoja wa dansi wa miaka ya 1970 ambao kaka aliupenda mno. Nakiri kwamba magitaa yalitoka safi, kila moja mahali pake. Kisha nikasikia chini yake mlio kama wa chumvi iliyomwagika motoni. Ulikuwa mlio wa sindano juu ya santuri kuukuu! Aliyeuingiza wimbo ule katika dijitali aliunakili kutoka sahani iliyochakaa, na mashine ya shemeji, kwa uaminifu wote, ilinipigia mikwaruzo ya mtu mwingine.

Likafuata baya zaidi. Waimbaji walipomaliza, magitaa yakaanza kuchangamka, mara sauti ikafifia. Kimya.

"Umekwisha," akasema shemeji.

Haukuwa umekwisha. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, kwa hiyo nyimbo ndefu za dansi zilikatwa vipande viwili: aghalabu maneno upande wa kwanza, na upande wa pili magitaa ya kuchezea. Mnakili hakugeuza sahani.

Simo miongoni mwa wanaoapa kwamba santuri ina sauti bora kuliko dijitali. Haina. Diski ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, huhifadhi vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, na hivyo vyatosha kubeba yote ambayo sikio la binadamu hupata, yaani hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Santuri huchakaa kwa kupigwa, na sindano ikikaribia katikati ya sahani sauti hupoteza ung'avu. Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayomwangusha shemeji. Ikiwa kazi ilikwisha kufanyika vema tangu wakati ule, na leo hata kifaa cha bei ndogo huiweza, zile fedha nyingine zimenunua nini? Kasha zuri la kung'aa, naam. Angeziongeza kwenye spika, angalau masikio yangepata faida.

Kwangu mimi kubwa ni chanzo. Miaka ile bendi nyingi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zikatengenezwa Nairobi. Pale utepe wa kwanza ulipopotea au kufutwa, santuri ndiyo asili iliyobaki, na nyingine zimo masandukuni chini ya vitanda vya watu, zikingoja unyevu na wajukuu.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea shemeji sanduku lile pamoja na gramafoni yangu, tukaiunganisha na spika zake. Nilianza na upande wa pili. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akaniuliza sindano nzuri huuzwa wapi.