Mjomba wa Kwenye Boksi

Mpwa wangu anayefanya kazi melini alikuja likizo Mpanda mwaka 2018, na miongoni mwa zawadi alizomletea mama yake lilikuwamo boksi la mchele. Ndugu msomaji, kuleta mchele Mpanda ni sawa na kupeleka dagaa Kigoma. Tulicheka sana. Mchele ukaliwa, boksi likabaki jikoni kwa dada yangu likitunza viberiti na mishumaa. Lilikuwa la rangi ya machungwa, na juu yake mzee mweusi mwenye mvi, amefunga tai ya kipepeo, anatabasamu. Uncle Ben's.

Mwaka 2022 kijana akarudi na boksi jingine, rangi ile ile. Mzee hayupo, na lile neno "Uncle" halipo. Limeandikwa Ben's Original.

"Wamemfukuza mzee wa watu," nikasema.

"Wamemkomboa, mjomba," akajibu.

Tulibishana mpaka taa ikaishiwa mafuta. Mimi nilishikilia kwamba kwetu mjomba ni cheo. Mahari haipokelewi wala binti haondoki nyumbani mjomba hajasema neno. Kumwita mtu mjomba kuna tusi gani? Kijana akanieleza taratibu kwamba Kusini mwa Marekani, enzi za utumwa na miaka mingi baadaye, Mzungu hakukubali kumwita mtu mweusi "Bwana" wala "Bibi". Mwanamume aliitwa mtoto hadi mvi zimtoke, kisha akapandishwa kuwa "Uncle". Mwanamke akawa "Aunt". Ni ujomba usio na mpwa, usioitwa kwenye mahari ya mtu.

Hapo nilinyamaza. Marehemu baba yangu alipika na kufua nyumbani kwa Mzungu mmoja miaka ya 1950, wakati reli ya kutoka Kaliua imekwisha kufika Mpanda kufuata madini ya risasi. Alikuwa na miaka arobaini na zaidi, baba wa watoto sita, na watoto wa yule bwana walimwita "boi". Neno lenyewe tumelitia katika Kiswahili chetu na tunalitumia bila haya. Sikuwahi kujiuliza boi akizeeka angeitwaje.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Mchele ule ulianza kuuzwa Houston miaka ya 1940. Kampuni ilieleza kuwa jina ni la mkulima mweusi wa Texas aliyesifika kwa mchele mzuri, na sura ni ya Frank Brown, mkuu wa wahudumu katika hoteli moja ya Chicago. Yaani jina la mkulima likavikwa uso wa mhudumu, na kwa nini wasimchore mkulima shambani kwake? Jibu liko kwenye ile tai. Mnunuzi alitakiwa ajione amehudumiwa. Mwaka 2007 wenye mali, kampuni ya Mars, walimtangaza Ben kuwa mwenyekiti wa kampuni, wakamchorea na ofisi. Naona hiyo ilikuwa dharau kuliko ile ya kwanza: amepewa kiti, lakini jina la ukoo hana na "Uncle" wamemwachia.

Ilibidi George Floyd auawe Minneapolis tarehe 25 Mei 2020 ndipo makampuni yashtuke. Mwezi Juni wenye unga wa chapati uitwao Aunt Jemima walitangaza kuifuta chapa hiyo, na Septemba Mars wakafuata. Jina la Jemima lilitoka kwenye wimbo wa michezo ya jukwaani ambamo watu walijipaka masizi usoni kuwaigiza weusi. Aliyeajiriwa kumwigiza kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893 alikuwa Nancy Green, aliyezaliwa mtumwa Kentucky. Alikufa mwaka 1923, na kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina mpaka mwaka 2020. Mwaka 2021 unga ule ukaitwa Pearl Milling Company, jina la kinu cha mwanzo kabisa. Baadhi ya jamaa za wanawake walioiigiza sura ile baadaye walilalamika kuwa mabibi zao wanafutwa, na siwalaumu.

Nakubali sasa kwamba picha zile zilistahili kuondoka. Ninachokataa ni wepesi wake. Boksi limepakwa upya, na Ben amebaki jina tupu ambalo hata mtoto wa Mzungu anaweza kuitwa. Mimi ningeandika ubavuni, kwa herufi ndogo tu kama nafasi ni haba, kwamba uso uliouza mchele huu miaka sabini na zaidi ulikuwa wa Bwana Frank Brown.

Labda nina wivu wa mkulima. Nimewahi kuuziwa Dar es Salaam mchele ambao, kwa macho na pua yangu, ulikuwa wa kwetu Mpimbwe, na muuzaji akaapa ni wa Mbeya. Sisi hawakutuchora hata tai.

Boksi la pili tulilipika Jumapili. Mchele huo mpunga wake hupitishwa kwenye maji na mvuke kabla ya kukobolewa, hivyo punje hazigandani. Dada yangu alijaribu kufinyanga tonge mara tatu, likamwagika mara tatu, akaenda kufuata kijiko.