Picha za Maggie Ukutani

Kabla Homer Simpson hajawa bwege wa kuporomoka magengeni na kuinuka bila mkwaruzo, alikuwa baba aliyekosa bonasi ya Krismasi. Kipindi kamili cha kwanza cha The Simpsons, kilichorushwa na Fox tarehe 17 Desemba 1989, kinasimama juu ya hilo tu. Mkewe, Marge, amemaliza akiba ya sikukuu kumfutisha mwana wao Bart tatuu, akitegemea bonasi ya mumewe. Mumewe anajua haipo, na mdomo hauthubutu kusema. Anavaa ndevu za Santa Klaus madukani apate vijisenti, vijisenti vinaishia kwenye mbio za mbwa, na mbwa aliyemchagua anashika mkia. Familia inabaki na mbwa huyo. Ndiyo zawadi.

Wanaotamani katuni hii irudie uzito wake wa zamani mara nyingi hudhaniwa wamechoka kucheka. Sivyo. Wanachokikosa ni shida ya kweli chini ya kicheko.

Aprili 1991, Lisa, mtoto wa miaka 8, anapata mwalimu wa muda anayemwelewa kuliko baba yake. Mwalimu anapoondoka kwa treni, Lisa anafika nyumbani na uchungu wote anaumwagia Homer, akimwita nyani. Mwandishi mvivu angemwacha Homer arudishe tusi, watu wacheke, basi. Hapa Homer anaingia chumbani kwa bintiye, anashindwa kupata maneno ya busara, mwisho anajifanya nyani kweli hadi mtoto anacheka. Tusi lenyewe limegeuzwa kuwa bembelezo.

Ila ufundi unaonekana vizuri zaidi katika kipindi cha Januari 1995 kilichoandikwa na Jennifer Crittenden. Bart na Lisa wanauliza kwa nini albamu ya familia haina picha hata moja ya Maggie, kitinda mimba. Homer anasimulia. Zamani alimaliza madeni, akaacha kazi ya kinu cha nyuklia kwa mbwembwe, akipiga kichwa cha bosi wake kama ngoma, akaenda kwenye ukumbi wa bowling kufanya kazi aliyoipenda. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulitosha. Marge akapata mimba ya tatu, ukawa hautoshi tena. Homer akarudi kinuni kwa kutambaa. Ile ngoma ilikuwa kichekesho. Magoti ndiyo bili yake. Bosi, Bw. Burns, akamwekea mbele ya meza bango la kumkumbusha kuwa hapo ni pake milele.

Na picha za Maggie? Ziko kazini. Homer amezibandika juu ya bango, akaziba herufi hii akaacha ile, mpaka zilizobaki zinamwambia afanye kazi kwa ajili ya yule mtoto. Hakuna hotuba. Tunaonyeshwa ukuta tu, na mzazi aliyewahi kumeza kebehi za bosi kwa sababu ya ada ya shule hahitaji kufafanuliwa.

Kinyume chake, mwaka 1997 Mwalimu Mkuu Skinner alifichuliwa kuwa anatumia jina la mtu mwingine, kisha kabla kipindi hakijaisha mji mzima ukakubaliana jambo hilo lisitajwe tena. Harry Shearer, anayempa Skinner sauti, alikilalamikia waziwazi, na alikuwa na haki: bili ilichanwa mezani. Baadaye kuchana bili kukawa mazoea, ingawa si kila mara. Kipindi cha 2015 kinachomfuata Bart kutoka utotoni hadi utu uzima kinaonyesha mkono haujasahau kazi. Nafasi ipo pia, maana mwaka 2025 Fox iliongeza mkataba hadi msimu wa 40.

Wenye kuandika misimu hiyo wangeweza kuanzia kipindi cha Novemba 1995. Homer, aliyeamini kwa miaka mingi kuwa mama yake amekufa, amempata, kisha mama analazimika kutoroka tena. Gari lililomchukua limeshapotea. Majina ya watengenezaji yanapita kwenye skrini, na Homer amekaa peke yake juu ya boneti, anatazama nyota, hasemi kitu.