Mawe ya Kit Mikayi Hayakupandishwa

Aliyewahi kusimama chini ya Kit Mikayi, kule Seme nchini Kenya, anajua swali linalomjia mtu kabla hajatua mkoba wake. Ni swali la fundi mwashi: mawe haya yalipandishwaje? Mapande yenye ukubwa wa nyumba yamekaliana, moja limelemea jingine, na rundo zima linafika mita 40 hivi kwenda juu. Hakuna saruji wala kabari. Jibu lake linashangaza kuliko swali: hayakupandishwa. Yalikuwa papo hapo tangu mwanzo. Kilichoondoka ni ardhi iliyoyafunika.

Kwa mkazi wa mtaa wa Manyatta mjini Kisumu safari ni fupi. Boda hadi stendi kuu ya Kisumu, kisha matatu ya Bondo. Pale Kisian barabara ya Maseno na Busia inaachana na ile ya Bondo, na kutoka hapo macho yafaa yawe dirishani. Seme ni nchi ya mawe. Watu hulima wakiyazunguka, huanika nguo juu yake, hufunga mbuzi kandokando yake. Mawe hayo ya shambani ni ndugu wa Kit Mikayi, na anayeyapita akiwa amelala amelipita somo la kwanza. Kituo chenyewe kiko kilomita 29 hivi magharibi ya mji, kisha hubaki mwendo mfupi wa miguu.

Sasa kazi yenyewe. Mwamba wa hapa ni itale, au graniti, na umri wake unazidi miaka bilioni 2. Ulianza kama uji wa mawe yaliyoyeyuka, ukapoa polepole chini sana ya ardhi. Ulipopoa ulisinyaa, na baadaye mzigo wa ardhi iliyokuwa juu yake ulipopungua, ulipanuka. Ndipo ukapasuka: nyufa za wima, nyufa za mlalo, hata mwamba ukagawanyika kama boga lililokatwa vipande lakini likaachwa sahanini bila kutenganishwa.

Nyufa hizo ndizo zilizompa njia fundi halisi, yaani maji. Mvua huokota hewa ya ukaa angani na udongoni, ikawa asidi dhaifu, kisha ikazama ufani. Ndani ya itale mna madini ya felispa, nayo asidi hiyo huyageuza taratibu kuwa udongo laini. Kwatzi haigeuki, hubaki kama changarawe. Pande la mwamba lenye kingo kali huliwa bapani kutoka upande mmoja, ukingoni kutoka pande mbili, na penye pembe kutoka pande tatu. Kwa hiyo pembe hutangulia kuisha. Baada ya muda mrefu mno, pande lililokuwa kama tofali huwa kama yai, likiwa bado limezikwa ndani ya udongo uliotokana na mwili wake wenyewe.

Hatua ya mwisho ni kufagia. Mvua na mito iliuchukua udongo ule, na mayai yale yakashuka kidogo kidogo, kila moja likikalia lililo chini yake. Palipokuwa na nyufa nyingi zilizosongamana, mwamba uliliwa wote ukawa shamba. Palipokuwa na nyufa chache, pakabaki mnara. Kwa maneno mengine, Kit Mikayi ilipata umbo lake gizani, chini ya miguu ya dunia ya zamani, kisha ikafunuliwa.

Kanuni hii haina mpaka. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Mwanza imejaa mawe ya namna hiyo hiyo, na Bismarck Rock imesimama majini kana kwamba iliwekwa kwa mkono. Zimbabwe iliyachapa mawe yake yaliyobebana kwenye noti za benki. Mfano unaofundisha zaidi uko jangwani, katika hifadhi ya Joshua Tree huko California, mahali panapopendwa na wapanda miamba, wapiga picha na wanamuziki. Mawe ya Joshua Tree ni graniti iliyoviringwa na maji ya ardhini, enzi ambazo nchi ile ilikuwa na unyevu kuliko leo. Ukame ulikuja baadaye, na mafuriko ya ghafla yakafagia udongo. Kinachoonekana kuwa kazi ya jangwa ni kazi ya mvua. Seme, ambako mvua haijakoma, kazi hiyo bado inaendelea.

Wasimulizi wa Kijaluo nao waliyasoma mawe haya, na walisoma vizuri. Jina lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Kwa simulizi moja, mzee Ngeso alilipenda jiwe hili hata akawa anashinda pangoni mchana kutwa, mkewe akimletea chakula. Akiulizwa mumewe yuko wapi, mama alijibu kwamba ameenda kwa mikayi wake. Simulizi nyingine inasema mikayi mwenyewe ndiye aliyekimbilia mawe baada ya mumewe kuoa tena, na hadi leo analia.

Tazama ufundi wa wasanii hao. Walilikuta rundo, wakaliona dala, yaani boma la Mjaluo: Ngeso katikati, kisha mikayi, nyachira mke wa pili, reru wa tatu, na mbele yao simba, nyumba ya kijana wa kwanza. Kila jiwe likapata nafasi yake kama nyumba zinavyopata nafasi bomani, na mtoto aliyesikia hadithi akapata ramani ya mji wa baba yake. Na lile chozi si la kubuni tu. Maji ya mvua hukaa ndani ya nyufa na kuchuruzika usoni mwa jiwe hata mvua ikiisha kunyesha. Msimulizi aliona maji yakitoka mahali pasipo chemchemi, akayapa sababu. Mwanajiolojia anayafuata maji hayo hayo.

Kupanda kunataka utaratibu. Chukua mwongoza wageni wa pale. Anajua pa kukanyaga na pa kupenya kwa ubavu. Vaa viatu vya soli ya mpira, kwa kuwa itale kavu hushika mguu vizuri, lakini yenye ukoga na maji huteleza kama samaki. Nenda asubuhi: katika nchi hii ya ziwa radi hupenda alasiri, hasa Machi hadi Mei. Mapangoni utakuta waumini wakisali, wakiwemo wa kanisa la Legio Maria. Pita kimya, usiwapige picha. Na usichonge jina lako. Uso wa itale hubanduka kwa maganda kama kitunguu, na kila mkwaruzo ni mlango mpya wa maji.