Richard Hugo, Mshairi wa Miji Isiyo Yake

Richard Hugo (1923–1982) huitwa mshairi wa jimbo, yaani wa kaskazini-magharibi ya Marekani. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini yaficha jambo. Alizaliwa Seattle, akapigana Vita Kuu ya Pili angani, huko Italia, akasoma kwa mshairi Theodore Roethke katika Chuo Kikuu cha Washington, kisha akafanya kazi zaidi ya miaka 10 katika kampuni ya ndege ya Boeing. Mwaka 1964 aliingia Chuo Kikuu cha Montana, mjini Missoula, akafundisha utunzi.

Fundisho lake kuu limo katika kitabu *The Triggering Town* (1979): kitu kinachomwamsha mshairi sicho kiini cha shairi. Kwa hiyo afadhali mji wa kigeni kuliko wa kuzaliwa, kwani kuujua mji mno huifunga mikono ya ubunifu.

Hapo ndipo penye hatari. Mji wa kuazima waweza kugeuka kioo cha huzuni ya mgeni, na wenyeji wakabaki vivuli. Katika shairi lake juu ya Philipsburg, mji wa madini ya fedha uliofifia, Hugo aikaribia hatari hiyo, kisha aiepuka: mwishoni macho yamwacha msemaji, yakatua kwa msichana anayeandaa chakula. Uhai warudi kwa mwenyeji.

Fundisho hilo, basi, lafaa pale tu mgeni anapokubali kushindwa na mji. Anayelifuata bila sharti hilo atatunga habari zake mwenyewe, na kuzipa jina la mji.