Tuta la Mishubiri Juu ya Udongo Mweusi

Mishubiri minne ya kwanza niliyopanda mbele ya nyumba yetu Kitengela ilikufa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Nilipoivuta ilitoka bila ubishi, mizizi ikabaki ardhini, na shina lilikuwa limegeuka uji wa kahawia wenye harufu ya kabichi iliyooza. Huu ni mmea unaoota wenyewe katika mbuga za Athi na Kapiti, ambao Wamaasai huuita osukuroi na Wakamba kiluma, na hakuna anayeumwagilia. Kwangu mimi haukumaliza wiki sita. Nataka kueleza kosa lilikuwa wapi, na tuta la pili lilijengwaje hata mishubiri saba ikasimama na baadhi yake kuchanua.

Ardhi yetu ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Masika huvimba, hunata na kuvua watu viatu. Nilikuwa nimesikia kwamba mshubiri hupenda mchanga, kwa hiyo nilichimba mashimo ya futi mbili, nikazoa udongo wote, nikatandika kokoto chini na kujaza mchanga wa mto juu. Kwa macho ilikuwa kazi safi, lakini nilikuwa nimechimba mabeseni manne. Mfinyanzi ukishashiba haupitishi maji upesi, na maji ya uwanja mzima yalishuka pale penye mchanga, yakatuama. Mizizi ya mshubiri inahitaji hewa. Ikikosa hewa huoza, na majani hayakuonyeshi mapema kwa sababu yamejaa akiba yao wenyewe. Siku unapoona jani limelegea, chini kumeshakwisha.

Kokoto za chini nazo zilizidisha balaa, na hili nalisisitiza kwa kuwa nalikuta hata kwenye vyungu vya watu wanaojua kazi. Vijitundu vya mchanga huyashika maji kwa nguvu kuliko mianya mikubwa ya kokoto. Maji basi hayashuki kwenye kokoto mpaka mchanga ulio juu yake uwe umeloa chepechepe. Chukua sifongo iliyolowa, iweke juu ya changarawe kavu, utaona inavyobaki na maji yake. Tabaka la kokoto linapandisha tope karibu na mizizi. Mahali pa kokoto ni ndani ya mchanganyiko wenyewe, kuanzia juu hadi chini.

Tuta la pili sikulichimbia kabisa. Fundi alipanga mawe ya machimbo kuzunguka eneo la mita nne kwa moja na nusu, kimo cha sentimita 45, na mstari wa chini akauacha bila saruji ili maji yatoke kwenye maungio. Sakafu ya udongo mweusi tuliiinamisha kidogo kuelekea mfereji wa njiani. Tukajaza moramu iliyochekechwa vumbi makarai matatu, kokoto ndogo mawili, udongo mwekundu moja, na mboji iliyoiva nusu karai, tukarudia hivyo hivyo hadi juu. Samadi sikuitia. Mshubiri uliolishwa samadi hunenepa majani mororo yanayowavutia wadudu wafyonzao, na maua yake huchelewa. Kipimo changu kilikuwa ngumi: lowesha mchanganyiko, ufumbate, kisha fungua mkono. Ukibaki donge, ongeza kokoto. Wetu ulisambaratika wenyewe kiganjani.

Aina niliyochagua ni ile ya hapa hapa, ambayo wataalamu huiita Aloe secundiflora kwa sababu maua yake hujipanga upande mmoja wa kila tawi la shada. Kwa kawaida haitoi machipukizi ubavuni kama mshubiri wa dawa uliozoeleka vyunguni, kwa hiyo huwezi kungoja ikuzalie watoto. Huanzia kwenye mbegu. Ndiyo maana watu huona njia ya mkato ni kwenda porini na jembe, na hapa sina upole. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa tangazo la rais mwaka 1986, na mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya mishubiri yote isipokuwa Aloe vera. Kwenye kitalu cha kando ya barabara, mama mwenye mali alinionyesha trei za miche yake ya mbegu kabla sijauliza bei. Mche wa kitalu una majani ya umbo moja na mizizi mingi myembamba. Uliong'olewa porini huwa na mizizi minene iliyokatwa vibaya, majani yenye makovu, na ncha zilizokauka. Ukiuona huo, mwachie muuzaji.

Nilinunua saba iliyotokana na mimea mama tofauti, na hilo lina sababu. Mishubiri mingi haijichavushi: poleni ya mmea huohuo haileti mbegu. Ukitaka mbegu, unahitaji angalau jirani mmoja asiye wa damu moja.

Miche niliiweka barazani siku tano mizizi ikipata kukausha vidonda vyake, nikaipanda shingo ikiwa juu kidogo ya usawa wa tuta, nikazungushia kokoto ili jani la chini lisiguse udongo. Kila mmoja niliuinamisha kidogo kuelekea nje, maana maji yakituama katika moyo wa majani huozesha kitovu. Wiki nzima sikumwagilia. Baadaye niliipa maji kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi, na masika sikuipa kitu. Mmea huu hufungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga mchana, hivyo jua la saa saba haliunyang'anyi maji kama linavyoifanyia sukuma wiki. Jua lenyewe unalihitaji. Miwili iliyokuwa chini ya kivuli cha mpera ilirefuka, ikawa kijani kibichi, haikutoa ua. Mitano ya juani ilijifupisha, ikawa na wekundu wa kutu kwenye kingo, na miba ikakaza.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Julai, bua la kwanza lilitoka. Mwanzoni ni kama ncha ya mkuki iliyofunikwa magamba, kisha likapanda hadi kifuani kwangu na kugawanyika matawi. Maua ni vijibomba vyekundu vilivyofifia, vinavyofunguka kuanzia chini kwenda juu. Alfajiri ukivigusa, tone la nekta linakaa mdomoni mwa kila kimoja. Ndege aina ya chozi walifika siku ya pili. Hutua kwenye tawi, huingiza mdomo uliopinda, na wakitoka paji la uso limepakwa vumbi la manjano.

Tulipata pia utitiri, mdudu asiyeonekana kwa macho, ambaye jani au shada aliloliingia huvimba vinundu kama koliflawa. Dawa ya kupuliza haimfikii ndani ya kinundu. Nilikata chini kabisa ya uvimbe kwa kisu, nikakipangusa spiriti kati ya mkato na mkato, nikachoma vipande. Utomvu wa manjano ulitiririka ukakauka kahawia kwenye vidole vyangu. Ndiyo shubiri yenyewe, na uchungu wake ulibaki mkononi hadi kesho yake licha ya sabuni.

Vifuko vya mbegu nilivitoa vilipoanza kupasuka, nikavikung'uta juu ya gazeti. Mbegu ni nyeusi, zina ubawa mwembamba kama karatasi, na pumzi tu inazipeperusha. Jirani ana mishubiri ya aina nyingine, na aina hizi huchanganyika kwa urahisi, kwa hiyo nimeandika kwenye trei nilimozipanda kwamba baba hajulikani. Jana nilihesabu vijani kumi na kimoja, kila kimoja kama ncha ya penseli.