Mtu Mmoja, Sauti Nyingi: Katika Kuusifu Ufundi wa Mpiga Obokano

Ufundi wa mwanamuziki anayepiga peke yake haupimwi kwa wingi wa sauti anazoweza kutoa, bali kwa uwezo wake wa kujigawa katika sehemu mbili au tatu zinazokwenda pamoja bila mojawapo kuiburuta nyingine. Kipimo hicho humhusu mpiga piano anayeikabili hadhira jioni nzima kwa kazi za mtunzi mmoja, na humhusu vivyo hivyo mpiga obokano wa Ekerenyo, katika vilima vya majani chai vya kaskazini mwa Kaunti ya Nyamira, anayeketi kigodani, ala yake ikiwa mbele yake, akaimba na kujiitikia kwa nyuzi. Wawili hao hawakujifunza kwa njia moja wala hawachezi muziki wa namna moja, lakini anayewasikiliza kwa makini hutambua kwamba wanashindana na ugumu uleule, na kwamba heshima anayopewa mmoja wao katika kumbi za miji mikubwa ni haki ya mwenzake pia.

Obokano ni kinubi cha Abagusii, yaani ala ambayo nyuzi zake hutandazwa kutoka kwenye kasha la mwangwi hadi kwenye mwamba unaoshikiliwa na mihimili miwili. Ni ya ukoo mmoja na nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu, lakini umbo lake ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito zaidi, kiasi kwamba wataalamu wa muziki wameilinganisha na besi kubwa ya okestra za Ulaya. Kasha lake huchongwa kutokana na gogo moja, likafukuliwa ndani hadi likawa bakuli pana, kisha mdomo wake ukawambwa ngozi ya ng'ombe. Nyuzi zake 8, ambazo zamani zilitengenezwa kwa kano za wanyama na siku hizi mara nyingi ni za nailoni, hupita juu ya daraja, ambalo ni kipande kidogo kinachosimama juu ya ngozi na kuifikishia mtetemo wa kila uzi, ndipo bakuli zima likavuma.

Kazi ya mpigaji huanza kabla wimbo haujaanza, kwa kuwa ala ya ngozi na mti hubadilika pamoja na hali ya hewa, na katika nchi ya mvua nyingi kama Nyamira ngozi iliyokuwa imekaza mchana inaweza kulegea jioni. Kwa hiyo huanza kwa kurekebisha sauti, akikaza uzi mmoja na kuulegeza mwingine pale unapozungushiwa mwamba, akiudonoa na kuusikiliza, akiulinganisha na jirani yake, mpaka nyuzi zote 8 zikubaliane katika sikio lake. Hakuna chombo kinachompimia. Kipimo ni kumbukumbu yake mwenyewe, iliyojengwa kwa miaka ya kuketi karibu na waliomtangulia. Ndipo mikono yote miwili inapoanza kufuma fungu fupi la sauti linalorudiwa bila kukoma, vidole vya mkono mmoja vikijaza nafasi zilizoachwa na vidole vya mkono wa pili, na juu ya msingi huo sauti ya mwimbaji hupanda kwa uhuru, ikitangulia hapa na kuchelewa kidogo pale, kama msemaji anayelipa kila neno uzito wake. Mwimbaji anapovuta pumzi, nyuzi husogea mbele na kushika usemi; anapoanza ubeti mpya, hurudi nyuma na kumbeba.

Uhusiano huo kati ya msingi usiotikisika na sauti iliyo huru ndio kiini cha ufundi wenyewe, na ndio uliowashughulisha wapiga piano wa karne ya 19 huko Ulaya, katika kipindi kinachoitwa cha Kimapenzi kwa sababu watunzi wake walitanguliza hisia za mtu binafsi na kumbukumbu za nchi yake. Hadi wakati huo, konsati ilikuwa mkusanyiko wa waimbaji na wapigaji mbalimbali wanaopokezana, na ni Franz Liszt aliyezoesha watu wazo la mtu mmoja kuikamata jioni nzima, hasa baada ya maonyesho yake ya London mwaka 1840. Frédéric Chopin, aliyezaliwa karibu na Warsaw mwaka 1810 na kufariki Paris mwaka 1849, alipiga mbele ya umma mara chache tu maishani mwake, akapendelea sebule zenye wasikilizaji wachache. Lakini ndiye aliyezichukua ngoma za vijijini kwao Poland, hasa ile iitwayo mazurka, akazifanya kazi za piano zinazochezwa duniani kote. Wanafunzi wake walisimulia kwamba aliwataka mkono wa kushoto uushike mwendo kwa uaminifu huku ule wa kulia, ambao mara nyingi ndio unaobeba wimbo, ukijinyoosha na kujikunja ndani ya mwendo huo. Mtindo huo, unaoitwa rubato kwa Kiitaliano, husifiwa kama kilele cha uungwana wa piano, na mtu aliyemsikiliza mpiga obokano hana haja ya kufafanuliwa sana, kwa kuwa ameshausikia katika uhusiano wa nyuzi na koo.

Tofauti zipo, nazo zinastahili kutajwa kwa haki. Mpiga piano anayeitoa jioni yake kwa Chopin huwa mtumishi wa maandishi: mtunzi ameshakufa, noti zimeshachapishwa, na kazi ya mpigaji ni kuzifufua kwa uaminifu na kwa pumzi yake mwenyewe. Mpiga obokano, kwa upande wake, mara nyingi ndiye mtunzi, mwimbaji na mfasiri wa kazi yake kwa wakati mmoja, tena hutunga akiwatazama anaowaimba, iwe ni katika harusi, katika maombolezo au katika kikao cha wazee, akimsifu mwenye mji, akimkumbusha kijana wajibu wake, akimliwaza mfiwa. Mpiga piano akikosea noti moja, wajuzi wachache watatambua. Mpiga obokano akikosea jina la ukoo, ukumbi mzima utamsahihisha. Hata hivyo kumbukumbu inawaunganisha, kwa maana wapiga piano Clara Schumann na Liszt walikuwa miongoni mwa waliofanya kupiga bila kutazama maandishi kuwa desturi ya jukwaa la piano, wakati ambapo katika Gusii, nchi ya Abagusii, hapakuwa na njia nyingine ya kupiga.

Nchini Kenya, ufundi huu wa aina mbili umepata mahali pa kukutana. Tamasha la Muziki la Kenya, lenye historia inayoanzia mwaka 1927, huwapokea wanafunzi wanaopiga piano na wanaopiga ala za kienyeji. Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliifikisha nyatiti katika masikio ya dunia kwa albamu yake ya mwaka 1993, En Mana Kuoyo, na msanii Grandmaster Masese ameiingiza obokano katika majukwaa ya mashairi bila kuipunguzia uzito wake. Mafanikio hayo yanatia moyo, ila mtu mmoja mashuhuri hawezi kuchukua nafasi ya kizazi kizima cha wanafunzi. Anayejifunza piano ana vitabu vya mazoezi, ngazi za mitihani na walimu wanaolipwa. Anayetaka kuijua obokano humtegemea mzee aliye tayari kumwacha aketi karibu naye, na mzee huyo akiondoka, huondoka na namna yake ya kurekebisha nyuzi, nyimbo zake na majina ya koo alizozisifu.

Kwa hiyo kuisifu obokano hakutoshi iwapo sifa hiyo haileti malezi. Shule za Ekerenyo na za Gusii kwa jumla zikimwita mpigaji darasani kama mwalimu kamili mwenye malipo na ratiba, zikarekodi nyimbo zake kwa idhini yake, na zikamtaka mwanafunzi afanye mazoezi ya kila siku kama anavyotakiwa mwenzake wa piano, basi jioni ya mtu mmoja na nyuzi 8 itasikilizwa kwa utulivu na uchambuzi uleule anaopewa Chopin. Mtu anayeweza kuushikilia msingi wa wimbo kwa mikono miwili huku sauti yake ikitembea huru juu yake amefikia daraja ya juu ya muziki, popote alipozaliwa, na jamii inayomwelewa hivyo huwa imejitendea haki yenyewe.